Dobi Aliyewahiwa

Mara ya kwanza kumwona marehemu niliona visigino vyake. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1987, na mimi nilikuwa nimeitwa kwao kupima mlango wa jikoni ulioliwa na mchwa. Jirani na kwao palikuwa na bucha. Juu ya ngazi iliyoegemezwa ukutani alisimama kijana mwembamba, kopo la rangi nyekundu limening'inia kidoleni, akiandika. Alikuwa amemaliza neno NYAMA. Mwenye bucha alitoka nje, akakunja mikono, akatazama juu.

"Tulikubaliana NYAMA SAFI. Safi iko wapi?"

"Subiri kidogo, mzee. Nataka niingie ndani nihakikishe kwanza."

Mwenye bucha alimtukana tusi la kirafiki, wateja wakacheka, na yeye akashuka, kweli akaingia buchani, akakagua ndoano zote, akatoka, akapanda tena na kuandika SAFI. Herufi zilinyooka kama zimepigwa rula, na rula hakuwa nayo. Msichana aliyesimama kwenye mlango niliokuja kuupima aliniambia, "Usimshangae, fundi. Mdogo wangu huyo ndivyo alivyo." Msichana huyo ni mke wangu leo. Yeye ndiye aliyepaswa kusoma maneno haya, ameshindwa. Kaka yao mkubwa naye ameshindwa. Kwa hiyo jukumu limeniangukia mimi shemeji, ambaye sijazoea kusema mbele za watu. Mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969 katika hospitali ya mji huu, mtoto wa mwisho kati ya watoto watatu wa fundi bomba na mkewe. Mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa macho yakiwa wazi, akawatazama wauguzi mmoja mmoja kama mtu anayechagua. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na uga wa saruji, na katika chumba cha nyuma aliishi baba yao mdogo.

Lazima nimtaje baba mdogo, kwa sababu bila yeye mengine hayaeleweki. Aliugua akili akiwa kijana. Wakati ule familia ilisubiri. Walisema atapoa, walisema ni mawazo, walisema akioa atatulia. Walimfungia mlango siku mbaya na kumfungulia siku nzuri, na siku nzuri zikazidi kupungua. Mwaka 1981 alitoka asubuhi mlango ukiwa wazi, akaokotwa mtoni baada ya siku kadhaa. Marehemu alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya maziko mama yao alisema mbele ya watu kwamba kusubiri kwake kumekwisha, na kwamba akimwona mtoto wake yeyote anaelekea huko, hatangoja.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akaendelea na sekondari mpaka mwaka wa tatu. Walimu walimpenda kwa mkono wake. Ramani zote zilizokuwa ubaoni alizichora yeye, na mwalimu wa jiografia alimtoa katika vipindi vya hesabu ili aje kuchora mito, jambo ambalo mwalimu wa hesabu hakulisamehe. Aliacha shule kwa hiari yake akajifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja wa mtaani, na kabla ya mwaka kwisha fundi huyo alikuwa akimpa kazi zote za herufi, yeye mwenyewe akibaki na kupaka rangi za chini.

Baba yao alifariki mapema mwaka 1988. Miezi iliyofuata marehemu alibadilika. Alilala kidogo. Aliosha brashi zake, akaziosha tena, akaanza upya. Alimwambia dada yake kwamba herufi S inamkazia macho, akaanza kuikwepa: ukimwomba aandike SABUNI alikwambia uza kitu kingine. Ilikuwa inachekesha, kisha ikaacha kuchekesha. Pengine ilikuwa huzuni ya kufiwa. Pengine ilikuwa ugonjwa wa baba mdogo umerudi nyumbani. Daktari waliyemwendea alisema ugonjwa huu ukiwahiwa, mtu hubaki na mengi. Ukichelewa, unaondoka na mtu. Mama alimsikia. Marehemu mwenyewe hakuwemo chumbani wakati daktari akisema hayo.

Yanayofuata sikuyashuhudia. Nimeyasikia kwa mke wangu, kwa marehemu, na kwa kaka mkubwa, ambaye ameniambia niyaseme kama yalivyotokea. Kaka, dereva wa lori, alimwambia mdogo wake kwamba hospitali kuu inatafuta mtu wa kuandika majina ya wodi. Marehemu alifurahi, maana kazi zilikuwa zimemwishia. Alivaa shati jeupe. Alibeba brashi, makopo, na kitambaa cha kufutia. Njiani alimuuliza kaka kama wanataka herufi za kusimama au za kulala. Walipoingizwa katika chumba chenye kitanda kimoja na mlango ukafungwa nyuma yao, alitua makopo chini akatazama kila upande.

"Ukuta wenyewe uko wapi?"

Wahudumu waliingia kumshika, akachomwa sindano, rangi ikamwagika. Muuguzi mmoja, mtu mzima, alimpigapiga begani mama, aliyekuwa amewatangulia hospitalini, akamwambia, "Mmemwahi. Mshukuruni Mungu." Mama alirudi nyumbani na neno hilo, akawaambia majirani wote: tumemwahi.

Marehemu naye alilichukua neno hilo, akalitumia mpaka mwisho. Lina pande mbili. Mgonjwa akifikishwa kwa daktari kabla hajazidiwa, amewahiwa. Lakini mtu akitaka kufungua mdomo aseme lake, ukamziba kabla hajasema, huyo pia umemwahi. Marehemu akiwa mezani alikuwa akisema, "Hawa ndugu zangu waliniwahi," huku anatabasamu na kupokea chai, na hatukujua ni upande upi. Nadhani hata yeye kuna siku hakujua.

Dawa zilimtuliza. Alilala. Herufi S ikarudi kuwa herufi tu. Lakini dawa zilimtetemesha mikono, na zikamnenepesha mpaka shati jeupe likakataa kufungwa. Alijaribu kurudi kazini. Bango lake la kwanza baada ya hospitali lilikuwa la kinyozi, na kinyozi alilitazama muda mrefu akiwa na mkasi mkononi.

"Ndugu yangu, kazi nzuri. Ila mteja akiona mkono uliotetemeka hivi, atadhani ni wangu."

Marehemu alicheka sana siku ile. Kisha akaweka brashi ndani ya debe la mafuta ya taa, akazisahau humo mpaka nywele zikaachia.

Mwaka 1990 alipata kazi kwa dobi mzee aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha polisi. Mzee yule alimpa pasi ya mkaa, ile nzito, na ajabu ni kwamba mkono uliotetemeka na brashi ulitulia ukikamata uzito ule. Alijifunza kunyoosha kola kwa kuanzia nchani kuelekea katikati, isitoke kunyanzi, na maofisa wa kituo wakawa hawakubali mtu mwingine ashike mashati yao. Mzee alipostaafu alimwachia kibanda. Hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu, mkamwita Dobi, na wengine mmevaa leo nguo alizonyoosha yeye.

Jambo moja lilimsumbua, na alinieleza mara moja tu, nilipokuwa natengeneza meza yake ya kupigia pasi. Alisema, "Shemeji, mtu aliyeugua akapona anajua aliponywa nini. Mimi nilikamatwa mlangoni. Ndani sikufika. Sasa sijui kama mlikuwa na kitu mle ndani au hamkuwa na kitu." Nilimwambia sijui. Akasema, "Najua hujui. Nakwambia tu."

Mwaka 1994 aliacha dawa bila kumwambia mtu, ili ajue. Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri kupita kiasi. Mkono ulitulia. Alimwandikia fundi cherehani mmoja bango la duka lake, FUNDI WA NGUO ZA KIKE, na mpaka leo hakuna bango zuri kama lile katika barabara ile. Kisha akaanza kusikia kwamba nguo za wateja zinaumia zikikunjwa. Alizitoa kibandani akazitundika kwenye uzio wa shule, moja moja, kwa upole. Mfanyakazi mmoja wa benki alikuja akasimama pale na kusema, "Naona suruali yangu imeandikishwa shule." Watu walicheka, lakini marehemu alikuwa analia. Safari hii alimwendea kaka yake mwenyewe, akapanda ndani ya lori, akasema, "Nipeleke. Usiniambie chochote, nipeleke tu."

Daktari mpya, mwanamke, alimuuliza maswali mengi na kumsikiliza. Marehemu alimuuliza moja: je, mwaka 1988 alikuwa mgonjwa kweli, au ugonjwa huu umekuja baadaye? Daktari alimjibu kwamba hajui, na hakuna atakayejua. Wengine wenye dalili kama zile huugua, wengine zinawapita zenyewe, na hakuna kipimo cha kuwatenganisha. Marehemu alisema huyo ndiye daktari wa kwanza aliyemwamini. Alikubali dawa na hakuziacha tena. Aliihesabu siku ile kuwa ndiyo aliyoanza matibabu, na ile ya makopo ya rangi hakuihesabu.

Bango la duka la nguo lilimletea mke. Fundi yule wa cherehani alimpelekea mashati ya kunyooshwa hata yasiyokuwa na mikunjo. Kabla ya kumposa, marehemu alikwenda dukani kwake mchana, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwambia ana ugonjwa wa akili, anatumia dawa, na dawa zenyewe zitamnenepesha zaidi. Mwanamke yule hakuinua macho kwenye sindano.

"Wanaume wote waliokaa kwenye kiti hicho walisema ni wazima. Wewe ndiye wa kwanza kuja na cheti."

Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1998. Waliamua wasizae, na uamuzi huo ulikuwa wa wao wawili. Mama mzazi alitangulia mwaka 2009 akiamini kwamba alimwokoa mwanawe, na marehemu hakumpinga kamwe. Kwetu alisema, "Huenda ni kweli aliniokoa. Alichelewa tu kuniuliza."

Sasa nafika kwenye jambo la nyumbani kwangu. Linamhusu binti yangu, na kabla ya kuliandika nilimuuliza. Alisema niliandike, ila nisitaje majina ya dawa.

Mwaka 2017 binti yangu alikuwa na miaka kumi na minane. Aliacha kula pamoja nasi. Alifunika kioo cha kabati kwa khanga. Alizungumza peke yake, na akiingia mtu alinyamaza kama aliyekatizwa. Mke wangu alikuwa ameona hayo mara mbili maishani, kwa baba yake mdogo na kwa mdogo wake, na alianza kukonda. Kaka mkubwa alikuja Jumapili, akaweka funguo za gari mezani.

"Tumwambie tunakwenda kumwona shangazi yake. Akiwa ndani ya gari yamekwisha. Kesho."

Marehemu alikuwa amekaa karibu na dirisha, miguu imevimba, maana sukari ilikuwa imeshamwanza.

"Mmwahi, sawa," alisema. "Lakini mwambieni kwamba mnamwahi."

"Atakataa," mke wangu akasema.

"Atakataa, ndiyo. Mimi pia ningekataa. Sikupewa hata cha kukataa."

"Na wewe ungekuwa wapi leo kama tungekungoja? Sema. Ungekuwa wapi?"

"Sijui, dada. Na wewe hujui. Hilo ndilo linalonichosha."

"Baba mdogo tulimngoja," mke wangu alisema. "Tulimngoja kwa heshima zote. Tukamwokota mtoni."

Marehemu alikiri kwamba hilo ni kweli. Kisha akasema apewe muda kidogo, yeye atazungumza na mtoto, na akishindwa hatamzuia mtu. Kaka alinigeukia. "Wewe ndiye baba. Unasemaje?" Nilisema mjomba wake apewe muda.

Tangu siku hiyo marehemu alihamishia kazi chumbani kwa binti yangu. Alikuja na kapu la mashati na pasi ya umeme, akaweka blanketi juu ya meza yake ya kusomea, akanyoosha. Mara nyingi hakusema kitu. Binti yangu ndiye aliyeanza.

"Mjomba, umetumwa?"

"Nimetumwa. Wanadhani unaumwa. Na mimi nadhani unaumwa, ila naweza kukosea."

Alimweleza kila kitu: mto ule na baba mdogo, makopo ya rangi, mkono unaotetemeka, unene, usingizi mzito wa asubuhi, suruali kwenye uzio. Hakumpunguzia, wala hakumwongezea. Mlango ulikuwa wazi na sisi tulisikia sebuleni.

"Nikisema sitaki?"

"Nitarudi kesho nikuulize tena."

"Na nikisema sitaki kila siku?"

"Mjomba wako atachoka, lakini atauliza. Ila nisikufiche. Ukifika mahali huwezi kunijibu, au ukitaka kujidhuru, nitamruhusu kaka yangu akubebe, na mimi nitashika miguu. Nakwambia leo ili siku hiyo usiseme nilikudanganya."

Binti yangu akasema, "Angalau shika mikono. Miguu yangu ina mtekenyo." Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda jikoni.

Isidhaniwe ilikuwa rahisi. Wiki zile binti yangu alizidi kudhoofika. Asubuhi moja alitoka akatembea katikati ya barabara kuu, na dereva mmoja aliyemkwepa alivunja taa za gari lake. Siku hiyo mke wangu alimwambia mdogo wake maneno ambayo yeye mwenyewe hajayasahau, na marehemu aliyapokea amesimama. Jioni kaka alileta gari mpaka mlangoni. Marehemu aliingia chumbani, akamwambia binti yangu, "Gari liko nje. Linakwenda hospitali, si kwa shangazi. Leo nakuuliza mara ya mwisho, kwa sababu naogopa." Binti yangu alivaa viatu, akafunga kamba zake vizuri, akatoka na kupanda mwenyewe. Marehemu alikaa kando yake, na pale hospitalini hakuna aliyemshika.

Daktari alitueleza wazi kwamba angeletwa mapema zaidi ingekuwa afadhali kwake. Akasema pia kwamba wengi wanaoletwa kwa hila hawarudi kliniki, na huyu huenda akarudi. "Kwa hiyo sijui niwape pole au hongera," alisema. Binti yangu anarudi kliniki mpaka leo. Ana siku nzuri na siku mbaya. Anasomea kazi ya maabara. Nani alikuwa na haki, mama yake au mjomba wake, sisi nyumbani tumeacha kuulizana. Wawili hao walipatana kabla ya mwaka kwisha, juu ya kapu la mashati, bila kulitaja.

Sukari iliharibu figo za marehemu. Madaktari walisema dawa za miaka mingi huenda zilichangia, na kwamba bila dawa hizo huenda hata asingefika umri huo wa figo kuharibika. Alisikia yote mawili akasema, "Haya." Alifunga kibanda mwezi wa tatu mwaka huu wa 2021, akarudisha nguo zote kwa wenyewe. Alilazwa mwezi wa saba. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Agosti, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mke, fundi wa nguo, ambaye bango lake bado liko mahali pake, kaka mmoja, dada mmoja, mpwa mmoja aliyekuwa akimwita mjomba hata alipomkasirikia, mimi shemeji yake, na watu wengi wa mji huu. Alichoka, nasi tumechoka pamoja naye. Apumzike, na asisumbuliwe tena na mtu yeyote asiyemuuliza kwanza.

Nimebakiza mazungumzo yetu ya mwisho. Ilikuwa Jumapili, siku moja kabla. Kaka alikuwa amemwambia anaendelea vizuri, muuguzi alikuwa amemwambia hivyo hivyo, na mke wake alikuwa ametoka kuvuta hewa kwenye benchi la nje. Tulibaki wawili. Aliniambia nisogeze kiti.

"Shemeji, wewe huwezi kudanganya. Huna maneno ya kutosha. Ninakufa?"

Nilisema ndiyo.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Basi niitie mke wangu. Nataka alisikie kwangu."